Aliyeshika Kamba

Mbwa alipomuuma yule mwanamke, kamba ilikuwa mkononi mwa Naeem. Haikuwa shingoni mwa mbwa. Naeem alikuwa ameikunja mara tatu akaishika pamoja na kikapu cha ngozi cha kumfunga mbwa mdomo, na mkono wake wa pili ulikuwa umebana simu sikioni. Godelive alikuwa hatua kama kumi nyuma yake, akisukuma juu ya kokoto kiti cha magurudumu cha mama yake Naeem. Aliona yote. Bibi Zebunissa, aliyekaa kwenye kiti hicho amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, naye aliona yote.

Ilikuwa Jumanne ya Oktoba, mwaka 2013, huko Newmarket, kaskazini mwa Toronto, kwenye njia inayofuata mfereji wa zamani. Serikali iliuchimba mfereji huo karibu miaka mia iliyopita ili meli zipite, ikajenga malango makubwa ya zege, halafu ikabadili nia kabla meli hata moja haijapita. Siku hizi watu wa mitaa ya karibu, wenye nyumba za gereji ya magari mawili matatu, hutembeza mbwa wao pale. Godelive alimtembeza Duma, mbwa wa Naeem, pale kila asubuhi, ingawa mkataba wake na wakala aliyemtafutia kazi ulisema amekuja kumhudumia mgonjwa, na haukutaja mbwa. Siku ya kwanza kabisa Reena, mke wa Naeem, alimwambia, "Si unamtoa Ma kupunga hewa? Basi mtoke na mbwa hukohuko." Godelive alikubali, kama wanavyokubali watu wasiojua kama wana haki ya kukataa.

Duma alikuwa amewekewa amri. Mwezi wa tano alimng'ata kijana aliyeleta vifurushi, na manispaa ikamwandikia Naeem kwamba mbwa huyo asitoke nje bila kamba na bila kufungwa mdomo. Godelive hakumtoa hata siku moja bila vyote viwili. Lakini Jumanne ile Naeem hakwenda kazini, akafuatana nao, na walipofika kwenye malango ya mfereji akainama akamvua mbwa kikapu.

"Watu wanatutazama kana kwamba tumefuga fisi," alisema. "Mwache apumue kidogo." Akaifungua na kamba.

"Bwana Naeem, ile barua ya manispaa ilisema..."

"Barua aliandikiwa nani, Mama? Mimi au wewe?"

Simu yake ikalia, akaipokea. Mbele yao alitokea mwanamke wa makamo aliyevaa koti la kijani, na kijibwa cheupe miguuni pake. Duma hakubweka. Alikwenda moja kwa moja. Mwanamke akamnyanyua mbwa wake juu, na Duma akaukamata mkono wake chini ya kiwiko, akautikisa kama anayetikisa tambara.

Godelive alifunga breki za kiti cha Bibi, ndipo akakimbia. Alipita mbele ya Naeem, ambaye bado alikuwa amesimama na simu, akaingiza vidole kwenye ukanda wa shingo ya mbwa, akavuta kwa nguvu zake zote mpaka meno yakaachia. Nyuma yake Naeem akapiga kelele, "Mfunge! Mfunge haraka!" akamtupia kamba na kikapu. Godelive akamfunga. Wapita njia wawili walipofika mbio kutoka upande wa pili wa mfereji, walimkuta mwanamke mweusi amepiga magoti kwenye kokoto na kamba ya mbwa mkononi, na bwana mmoja mwenye koti zuri akimbana majeruhi kidonda kwa skafu yake na kumwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba yeye ni mfamasia, asiogope.

Hivyo ndivyo uongo ulivyoanza. Haukuhitaji hata kutungwa.

*

"Kaa, Mama," Naeem alimwambia siku ya Alhamisi.

Godelive aliitazama meza ya jikoni. Kwa miezi kumi na moja alikuwa ameifuta meza ile kila siku, wala hakuna aliyewahi kumwambia akae. Chakula chake alikula kwenye chumba cha kufulia, tangu siku Reena alipomwomba kwa upole asipashe moto dagaa wake mahali ambapo wageni wanaweza kusikia harufu. Alivuta kiti, akakaa ukingoni.

"Yule mwanamke ameshonwa nyuzi kumi na nne," Naeem akasema. "Ameshapata wakili. Manispaa nao wanasema nimevunja amri. Wanaweza kumuua Duma, na mimi nikafikishwa mahakamani. Nina leseni ya famasia, unaelewa? Nikipata kesi, bodi itaanza kuniuliza maswali."

"Pole sana."

"Kwa hiyo tumeandika kwamba mbwa ulikuwa naye wewe."

Godelive alidhani hakusikia vizuri. Kiswahili cha Naeem kilikuwa cha Mwanza, alikojifunza dukani kwa baba yake, na chake yeye kilikuwa cha Uvira, kilichopitia miaka tisa ya kambi ya wakimbizi Kigoma. Lakini walikuwa hawajawahi kushindwa kuelewana.

"Mimi nilikuwa na Bibi," alisema.

"Ulishika kamba. Watu wawili walikuona."

"Ulinitupia wewe."

Naeem alivua miwani akaifuta. Reena, aliyekuwa amesimama kando ya jokofu, akaingilia kati. "Godelive, hakuna anayekulaumu. Ni karatasi tu. Faini tutalipa sisi. Tena fikiria, wewe huna nyumba, huna biashara. Watakuchukulia nini?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kubembeleza, na kwa kweli alidhani anamfariji.

"Mimi nakuomba kama ndugu," Naeem akasema. "Mzungu asingekuita mezani kukuomba. Angekupeleka polisi tu. Sisi ni watu wa nyumbani. Kwa nini wakala nilimwambia aniletee mtu wa Kiswahili? Kwa ajili ya Ma. Tangu apate kiharusi Kiingereza chote kimemtoka, amebaki na Kigujarati na Kiswahili. Nani anamlisha? Wewe. Ma anakupenda. Tusiharibu."

Karatasi ilikuwa ya kurasa mbili. Chini kabisa jina lake lilikuwa limeshachapwa, na juu yake mstari wa kusaini.

"Naomba nikaisome nyumbani."

"Ya kusoma ni nini? Nimeshakueleza."

"Naomba nikaisome nyumbani, Bwana Naeem."

Naeem na mkewe walitazamana. "Sawa. Lakini afisa wa manispaa anakuja kesho saa tano. Uje nayo imesainiwa. Na Mama," akaongeza alipomwona anasimama, "wakala wako ananiamini sana. Mwaka huu nimewatafutia wateja watatu. Nisingependa kuwapigia simu kwa jambo baya."

*

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tisa, Downsview, dirisha likitazama paa za maghala. Déo, mumewe, alikuwa amerudi kutoka kwenye moja ya maghala hayo, ambako alipakia makochi kwenye malori siku wanazomhitaji na kulala nyumbani siku wasizomhitaji. Alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Binti yao Carmel, wa miaka kumi na sita, alisoma karatasi kwa sauti, akisimama baada ya kila sentensi ili mama yake aulize.

"Hapa wanasema ulimfungua mbwa kwa hiari yako, kinyume cha maelekezo ya mwajiri. Hapa wanasema ulikuwa umeonywa mara mbili."

"Sijaonywa."

"Ndiyo ilivyoandikwa, Mama. Na hapa, kwamba unakubali dhima yote na kumwondolea mwajiri lawama." Carmel aliongea Kiingereza, kama kawaida yake: wazazi humsemesha Kiswahili, naye hujibu kwa lugha ya shule. "Hakuna mahali paliposema watalipa faini. Hata neno moja."

Déo alitoa mguu mmoja kwenye maji. "Saini."

"Baba Carmel!"

"Saini, Mama Carmel. Mbwa si wetu, mkono si wetu, mfereji si wetu. Huyu bwana akiwapigia simu wakala, utakaa miezi mingapi hapa ndani? Mimi wiki hii wameniita siku mbili. Mbili! Kule kambini tulisaini makaratasi mangapi bila kusoma? Tulikufa?"

"Fomu ya uraia," Carmel akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Tumeomba uraia mwezi wa pili. Kuna swali linalouliza kama umewahi kushtakiwa. Mama akisaini hii anaweza kushtakiwa yeye."

Déo aliutia mguu majini tena, polepole, akautazama kama mguu wa mtu mwingine. Godelive alimhurumia. Alijua kwamba mumewe si mwoga. Kule Bukavu, walipokuwa wakikimbia, aliwahi kumbeba Carmel mgongoni siku mbili bila kula. Ila kuna uchovu unaomfanya mtu mwema aseme saini, nao alikuwa anauona kwenye vidole vya miguu yake, vimekunjamana kwa maji.

"Kambini," akamwambia taratibu, "walituandikia kwamba tumepokea mahema, nasi tukasaini, na mahema hatukuyaona. Unakumbuka? Mvua ilitunyeshea wiki tatu tukiwa na karatasi inayosema tuna hema."

"Nakumbuka."

"Basi mimi siwezi tena."

Déo akasema, "Kesho shule imefungwa, walimu wana mikutano. Nenda na huyu mtoto. Kiingereza chako ukikasirika kinakimbia."

*

Walibadili mabasi mara tatu, wakalipa nauli ya mji na nauli ya mkoa, wakafika saa nne na nusu. Reena alipomwona Carmel mlangoni alisema, "Oh, umekuja na binti," akamtazama viatu. Carmel akavivua. Hakuna aliyempa kiti, akasimama kwenye kona ya sebule bado amevaa koti.

"Iko wapi karatasi?" Naeem aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ninayo."

"Imesainiwa?"

"Hapana."

Damu ilimpanda Naeem usoni. "Unajua unachofanya? Nilikuchukua huna hata barua moja ya mwajiri wa hapa. Hakuna aliyekutaka! Nimekuweka ndani ya nyumba yangu, na mama yangu..."

Kengele ililia. Afisa alikuwa mwanamke mnene, mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, na alikaa bila kungoja kukaribishwa. Akafungua faili. Naeem alieleza vizuri, maneno yakitoka kwa mpangilio: mfanyakazi wake humtembeza mbwa kila siku, amemwelekeza mara nyingi, yeye mwenyewe siku ile alikuwa nyuma akiongea na simu ya kazi. Ni bahati mbaya. Watu wengine huko watokako hawajazoea mbwa.

"Mama, ndivyo ilivyokuwa?" afisa akamuuliza Godelive.

Godelive alifungua mdomo. Alikuwa amejiandaa ndani ya basi. Alikuwa na sentensi sita za Kiingereza alizofundishwa na Carmel, na zote zilikuwa sahihi. Sasa hasira ilikuwa imezisomba, akabaki na moja. "No," alisema. "He open the dog."

"Kiingereza chake ni kidogo," Naeem akamwambia afisa. "Anachanganya."

Hapo Bibi Zebunissa, ambaye walimwegesha karibu na dirisha na kumsahau, akanyanyua mkono wake mmoja ulio mzima. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande, maneno yakitoka taratibu, lakini yalitoka.

"Naeem ndiye aliyemfungua. Nilimwambia, Naeem, mfunge huyo. Hakunisikia. Huyu tangu mdogo hanisikii."

Afisa alimgeukia Naeem. "Amesema nini?"

Naeem hakusita hata kidogo, na hilo ndilo Godelive alilolikumbuka kwa muda mrefu kuliko lolote. "Anaomba chai," alijibu. "Mnisamehe. Alipata kiharusi. Mara nyingi anadhani yuko Mwanza."

Mwanaume mzima, mwenye maduka mawili ya dawa, alikuwa amemnyang'anya mama yake maneno mbele ya macho yake. Bibi Zebunissa hakukijua tena Kiingereza, lakini aliutambua uso wa mwanawe anaposema uongo. Aliushusha mkono wake juu ya blanketi.

"Hakuomba chai."

Carmel alikuwa amesogea kutoka kwenye kona. Alisema hivyo kwa Kiingereza, kisha akatafsiri maneno ya Bibi moja baada ya jingine, hata lile la tangu mdogo hanisikii. Afisa alimwomba arudie, akaandika.

"Wewe mtoto!" Naeem akamgeukia kwa Kiswahili. "Haya ni mambo ya wakubwa! Nani kakuuliza?"

Godelive alimjua binti yake. Tangu darasa la nne hakuwa amejibu sentensi nzima kwa Kiswahili, hata kanisani, hata akichapwa. Sasa Carmel alimtazama yule bwana machoni.

"Bibi hakuomba chai," alisema kwa Kiswahili. "Umesikia kama mimi nilivyosikia."

"Chai ya nini?" Bibi Zebunissa akauliza. "Nimeshakunywa."

Afisa alifunga kalamu yake. Alisema kwamba majeruhi mwenyewe, akiwa hospitali, alieleza juu ya bwana mmoja mwenye simu, aliyesimama na kamba mkononi huku mbwa akiwa huru, na mwanamke aliyekuja mbio kumwokoa. Alitaka tu kujua kama nyumba hii itamwambia hayohayo. Akamgeukia Godelive, akasema polepole ili aelewe, "Yule mama ameniomba nikupe asante."

Naeem alivua miwani yake, akaivaa tena. Reena alitoka akaenda jikoni, maji yakasikika yakifunguliwa na kuachwa yatiririke.

Saa tano na dakika arobaini Godelive alikuwa ametolewa nje ya nyumba. Bibi alikuwa hajapewa chakula cha mchana.

*

Haki ilipatikana, kama wasemavyo, nayo haikumpa mtu unga. Naeem alitozwa faini na kuamriwa ajenge uzio mrefu, akalipa vyote bila kukopa. Duma hakuuawa. Wakala alimwandikia Godelive kwamba mteja amelalamika juu ya tabia yake, na kwamba atajulishwa ikipatikana nafasi. Nafasi haikupatikana. Alipopiga simu, msichana wa ofisini alimwambia kwa adabu kwamba wanaomleta mtoto kazini bila ruhusa huleta matatizo ya bima.

"Umefurahi sasa?" Déo alimuuliza jioni moja, walipokula ugali na kabichi kwa siku ya nne.

"Sijafurahi."

"Mimi pia." Akamega tonge. "Lakini nimewasimulia wale wa ghalani. Nimewasimulia mara mbili."

Katikati ya Novemba Godelive alipata kazi ya kusafisha ofisi, alfajiri, karibu na nyumbani. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza, ila hapakuwa na mtu wa kumwita ndugu. Usiku alimwota Bibi. Hilo hakumwambia mtu. Siku ile alipokuwa akitolewa nje, Bibi alimwita mara mbili, "Godi! Godi, unakwenda wapi?" naye hakugeuka, maana angegeuka angelia mbele ya Reena.

Jumapili moja baada ya ibada, simu yake ililia. Ilikuwa namba ya Naeem.

"Mama," alisema. Sauti yake ilikuwa imechakaa. "Ma hali chakula. Siku ya tatu leo. Wameniletea wauguzi wawili, anawatemea. Analitaja jina lako tu. Naomba urudi. Nitaongeza mshahara. Mbwa hutamgusa."

"Wakala umewaambia kwamba nilisema kweli?"

"Mama, hayo yamepita."

"Kwako yamepita."

"Nakuomba. Hata leo. Nitakuja kukuchukua kwa gari."

Déo alikuwa amesimama katikati ya chumba na soksi moja mkononi. Carmel aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Godelive aliwatazama wote wawili, na hakuna aliyemwambia afanye nini.

"Bibi yuko wapi hapo?"

"Yuko hapa, kwenye kiti."

"Uji upo?"

"Upo. Hautaki."

"Weka simu karibu na sikio lake. Chukua bakuli mwenyewe, usimpe Reena. Piga magoti, usimlishe umesimama, anaogopa." Alisikia kiti kikisogezwa, kijiko kikigonga bakuli. "Bibi? Shikamoo, Bibi."

Kwanza zilisikika pumzi tu. Halafu, kwa mbali, "Marahaba. Godi? Ulikwenda wapi?"

"Nipo, Bibi. Fungua mdomo, huyo ni Naeem anakulisha. Naeem, puliza kwanza. Nusu kijiko. Mpitishie upande wa kulia, ule mwingine haufanyi kazi. Ngoja ameze. Usimharakishe! Mfute."

Ilichukua dakika arobaini. Walizungumza juu ya Mwanza, juu ya bei ya samaki wadogo wa furu kwenye soko la zamani, juu ya mjakazi wa utotoni mwa Bibi ambaye jina lake alikuwa amelisahau na ghafla akalikumbuka. Naeem alipuliza, akalisha, akafuta, akangoja kuambiwa. Bakuli lilipokwisha Godelive alimsikia anavuta makamasi kama mtoto.

"Amemaliza," Naeem akasema. "Amemaliza lote. Mama, na kesho je? Kesho utakuja?"

Godelive alifumba macho. Alikuwa anaiona shingo ya Bibi, nyembamba, na ule mkono mmoja juu ya blanketi.

"Kesho mlishe mwenyewe," alisema. "Ni mama yako. Akisema neno, msikilize."

Akakata simu. Kisha akakaa kitandani akalia kwa sauti, na Carmel akaja akakaa kando yake bila kumuuliza kitu.